Tunapanda Mlimani

Mtaani walimwita Mjusi, na hakuwa na kinyongo na jina hilo. Alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango mmoja, kimebanwa kati ya duka la nafaka na kinyozi, na ndani mlinuka gundi na ngozi iliyoloweshwa. Ukutani, mahali ambapo mafundi wengine huning'iniza kalenda, yeye alining'iniza kamba nene ya rangi ya chungwa, mikanda ya kiunoni, kofia ngumu, na pete za chuma zilizogongana kila upepo ulipoingia. Wateja wageni walidhani anauza vifaa vya kufungia ng'ombe.

Siku za kazi alishona soli. Siku za mapumziko alipanda mwamba, tena kwa viatu alivyovitia soli mwenyewe, za mpira laini unaong'ang'ania jiwe kama kupe.

Wapandaji wenzake walisaka njia ngumu. Walionyeshana kucha zilizong'oka kama watu wanavyoonyeshana picha za harusi. Mjusi alisaka njia rahisi, na aliisaka kwa bidii kuliko wao wote.

"Ugumu hautafutwi," aliwaambia. "Unakuja wenyewe, tena bila hodi. Raha ndiyo ya kutafuta."

Alitaka njia moja tu ambayo mtu asiyewahi kupanda angeweza kuifuata mpaka kileleni, akarudi nyumbani kusimulia. Na kiangazi hiki aliipata. Alianza kwa kukaa kwenye kilima kinachotazamana na mwamba, asubuhi, jua likiwa la ubavuni, maana mwanga wa ubavuni hausitiri kitu: kila ufa hutoa kivuli chake, kila kibaraza cha mwamba hujitokeza. Akachagua mgongo wa kushoto, uliopanda kwa ngazi ngazi. Kisha akaenda mwenyewe, akagonga kila jiwe kwa ngumi kabla ya kuliamini. Lililolia kama debe tupu aliliacha. Lililonyamaza alilishika.

Sehemu ya chini aliiita ya miguu minne, kwa kuwa mtu huipanda kwa mikono na miguu kama mtoto anayetambaa. Ya juu aliiita ya kamba. Kati ya hizo mbili palikuwa na ufa mrefu uliosimama kama mlango ulioachwa wazi nusu, na mtu alipita humo kwa kubana mgongo upande huu na magoti upande ule. Ufa huo aliupenda kuliko yote. Aliupita akiimba.

Tatizo lilikuwa Bwana Misitu. Mlima ulikuwa chini ya ofisi yake, na wakati wa mvua vijana wawili walikwama upande wa nyuma wa mwamba, ikabidi askari wa msitu wawashushe huku wanalia na kuwataja mama zao. Tangu siku hiyo Bwana Misitu alikuwa na hamu moja tu: seng'enge, kibao, na kufuli. Mjusi alimfuata ofisini, mikono bado ina gundi.

"Watu wanakwama kwa sababu hakuna anayewaonyesha njia," alisema. "Mimi ninayo. Rahisi kabisa."

"Wewe huko mtaani wanakuitaje?"

"Mjusi."

"Basi. Mimi sihudumii mijusi." Bwana Misitu alifunika kalamu yake. "Niletee watu Jumamosi. Si wale wenzako wenye vidole vya koleo. Watu wa kawaida, ambao hawajapanda hata ngazi ya mbao. Watano wananitosha. Nikiwaona kileleni kwa macho yangu, mwamba unabaki wazi, na wewe utawaongoza watu kwa ruhusa yangu. Wasipofika, Jumatatu nafunga. Sitaki tena maneno."

Mjusi alitoka pale akitembea juujuu. Ruhusa! Kupeleka watu mlimani mchana kweupe, bila kujificha kama mwizi wa kuni. Akamweleza kinyozi, jirani yake, ambaye ndiye aliyemshikia kamba siku zote. Kinyozi alikuwa mtu wa maneno mengi na mkono mzuri wa kuandika. Alichukua bango la mitindo ya nywele, akaligeuza nyuma, akaandika kwa rangi nyekundu na kulibandika juu ya kioo chake:

JUMAMOSI TUNAPANDA MLIMANI. NJIA RAHISI. WASIOJUA KUPANDA WATAFUNDISHWA. TUKUTANE GETI LA MSITU ASUBUHI.

"Mtaa mzima utakuja," alisema akijipangusa rangi. "Mimi nikiandika, hata kipofu anasoma."

Jumamosi watu walikuja. Walikuja watano, hesabu kamili, wote wanawake. Walikuja na majembe begani, ndoo ya maji, na miche ya miti ndani ya viriba vyeusi, imepangwa kwenye karai kama vifaranga.

Mbele alikuwa Mkunga, mama mnene wa sauti aliyezalisha nusu ya mtaa. Nyuma yake Mpishi wa shule ya msingi, mnene wa kila kitu. Kisha mke wa fundi bomba na dada wa fundi bomba, mawifi wawili ambao hawakuwahi kuonekana mmoja bila mwingine wala kusikika bila kubishana. Mtaani waliitwa Wifi Mkubwa na Wifi Mdogo. Na wa mwisho, kitenge kimefungwa kiunoni tayari kwa kazi, alikuwa mama yake Mjusi.

Mjusi aliduwaa. Mama yake alikuwa ameapa hatakanyaga mlima huu, wala kumtazama mwanawe akiwa mwambani. Miaka yote, Mjusi akitoka na kamba, mama aligeuza uso na kuanza kufagia mahali palipokwisha fagiliwa.

"Mama! Umekuja!"

"Nisije kwa nini? Nimesoma kwa kinyozi kwa macho yangu, nikasema, Mungu ni mkubwa. Mwanangu ameacha kupanda, sasa anapanda!"

"Anapanda nini?"

"Miti, mwanangu. Kwani tumekuja kupanda nini?"

Mjusi alimgeukia kinyozi polepole. Kinyozi alikuwa anatazama mawingu.

"Mbona nimeandika vizuri?" alijitetea. "Tunapanda mlimani."

"Ndivyo," alisema mama. "Kupanda mlima ni kupanda mlima. Kupanda mlimani ni kupanda kitu, huko mlimani. Kama si miti, ni nini? Nywele?"

Mawifi waliangua kicheko mpaka miche ikatikisika.

"Mama mkwe, ni herufi mbili tu," kinyozi alisema kwa unyonge.

"Mkwe wa nani? Kwanza ujue kuandika, ndipo uje kuposa."

Bwana Misitu alifika akiwa amevaa buti zilizong'aa. Alipoona miche uso ulimfunguka kama mtu aliyeletewa wajukuu. Aliinama, akagusa majani, akauliza imeoteshwa lini na nani. Mjusi alipomweleza yaliyotokea, alicheka naye. Lakini alipomaliza kucheka alirudisha uso wake wa kazi.

"Miche ni mizuri sana. Mapatano yetu yalikuwa watu kileleni. Hawa ni watu, na ni watano. Watapanda au hawapandi?"

Mpishi aliutazama mwamba kuanzia chini, shingo ikaenda nyuma, ikaenda nyuma tena, mpaka kilemba kikadondoka.

"Huko juu kuna udongo?" Mkunga aliuliza ghafla.

"Upo," alisema Bwana Misitu. "Nyuma tu ya kilele kuna kibonde. Moto ulikipitia, hakijaota kitu tangu hapo. Askari wangu wanasema hawawezi kufika na mzigo."

"Askari wako wanaume?"

"Wanaume."

"Haya." Mkunga alivua kanga ya begani, akafunga miche sita, akaibeba mgongoni kama mtoto. "Mimi nimetoka nyumbani nikasema naenda kupanda. Sirudi na viriba vyangu nichekwe. Fundi, nifunge huo mkanda wako."

Mpishi alisema akienda Mkunga naye anaenda, maana ikitokea ajali heri mkunga awe karibu kuliko mbali. Wifi Mdogo akasema anapanda. Wifi Mkubwa akasema hawezi kumwachia wifi yake akasimulie uongo peke yake. Akabaki mama.

"Mimi nitafika hapo kwenye majani," alisema. "Nitawasubiri."

Mjusi hakubishana. Alimfunga mkanda hivyo hivyo, akakaza vifungo, akampa kofia ngumu. Mama alivaa kofia juu ya kilemba, akaonekana kama uyoga wenye hasira.

Sehemu ya miguu minne ilienda kwa kelele na furaha. Mjusi alitangulia, akiwaonyesha. "Una mikono miwili na miguu miwili. Vitatu vibaki kwenye jiwe, kimoja ndicho kiende. Kikifika, kingine nacho kiende. Usikumbatie mwamba, si mume wako. Simama mbali kidogo uone unapoweka mguu."

"Umesikia, wifi? Usikumbatie."

"Wewe ondoa kisigino usoni pangu kwanza."

"Uso wako ndio kibaraza kizuri kuliko vyote nilivyokanyaga leo, wifi."

Mama alifika kwenye majani. Akapumzika. Kisha, kwa kuwa wote walikuwa wamepita na hakuna aliyemwambia aje, akaja. Bwana Misitu alikuwa nyuma kabisa, buti zake zikiteleza, akijifanya anakagua mimea.

Ndipo wakafika kwenye ufa. Kinyozi alikwisha tangulia juu, akavuta majembe kwa kamba, kisha akajifunga kwenye jiwe kubwa na kuishusha kamba tena. Wifi Mdogo aliingia kwanza. Alikuwa mwembamba, akabana mgongo, akabana magoti, akatoka juu akipiga vigelegele. Mjusi alimtupia jicho Bwana Misitu. Bwana Misitu aliitikia kwa kichwa. Mambo yalikuwa yananyooka.

Kisha akaingia Mpishi. Aliingia mpaka kifuani. Baada ya hapo hakuenda juu wala hakurudi chini.

"Nimekwama," alisema kwa sauti ndogo isiyolingana naye.

"Hujakwama, mama," alisema Mjusi. "Toa pumzi, inua goti la kulia."

"Goti la kulia silioni tangu mwaka juzi!"

Mkunga alimsogeza Mjusi pembeni kwa nyonga. "Niachie. Hii ni kazi yangu." Akasimama chini ya ufa, mikono kiunoni. "Wewe, nisikilize. Pumua kwa pua. Taratibu. Tena. Usisukume mpaka nikuambie."

"Mkunga, mimi nakwama, sizai!"

"Yote mamoja. Pumua. Sasa… sukuma!"

Mpishi alisukuma. Kinyozi alivuta. Wifi Mkubwa aliimba wimbo wa kuwatia moyo wapagazi. Na Mpishi akatoka, ila alitoka kule kule alikoingilia, akamwangukia Mkunga, wote wawili wakakaa chini kwa kishindo kwenye majani.

"Huyu," alisema Mkunga akihema, "leo hazaliwi kwa mlango huu."

Walicheka mpaka machozi, na Mpishi alicheka kuliko wote. Mjusi peke yake hakucheka. Bwana Misitu alikuwa amekunja mikono.

"Fundi. Hiyo ndiyo rahisi?"

"Ni rahisi, mkubwa, mtu akijua tu kubana mgongo…"

"Rahisi kwa nani?"

Mjusi alitazama ufa wake mpendwa, ule alioupita akiimba, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi ulivyolingana na mwili wake mwenyewe: upana wa kiuno chake, urefu wa mapaja yake. Kumbe alikuwa fundi aliyeshona kiatu kwa mguu wake, akakitundika dukani na kusema kitawafaa wote. Kiangazi kizima alikuwa ametafuta njia rahisi, na alichokipata ni njia ya Mjusi.

Alimgeukia mama yake. Alimtazama sawasawa: mfupi, mikono mifupi, viganja vipana vyenye nguvu, magoti yasiyopenda kuinuliwa juu. Kisha akautazama mwamba upya, kwa kimo cha mama yake.

Kushoto kulikuwa na kibaraza. Kilikuwapo siku zote. Kilipinda polepole na kupotea nyuma ya kona, na Mjusi hakuwahi kukifuata kwa sababu kilikuwa kirefu, kinazunguka, hakina hata mshiko mmoja wa kujisifia. Kinyozi alikuwa akikiita njia ya wavivu.

"Nipeni muda kidogo," alisema, akaenda.

Alikwenda akigonga. Jiwe lilinyamaza. Kibaraza kilikuwa na upana wa kitanda, kisha upana wa benchi, na nyuma ya kona mawe yalikaa kama ngazi zilizojengwa na mtu mwenye huruma, mpaka juu. Mahali pamoja tu palikatika: ufa wa kuvuka, hatua moja ya mtu mfupi, lakini chini yake mtu aliona vichwa vya miti. Mjusi alivuka, akarudi, akavuka tena kwa hatua ndogo kama za mama. Akazungushia kamba kwenye nguzo mbili za mwamba, akaikaza iwe mkono wa kushikilia. Kisha akajifunga yeye ng'ambo ya pengo, akakaa kitako, kamba ya pili mikononi.

Mkunga alivuka akisema bismillahi na watoto wake mgongoni. Wifi Mkubwa alivuka akifumba macho, akakaripiwa, akarudi, akavuka akiyafumbua. Mpishi alikuja upande upande, tumbo likitazama bonde, na alipoinua mguu kila mtu aliacha kupumua. Ukatua ng'ambo. Akapita. Alipofika kwa Mjusi alimbusu kwenye kofia.

Akabaki mama kwenye ukingo.

"Mimi nimefika mbali vya kutosha," alisema.

Bila yeye walikuwa wanne. Mjusi alilijua hilo, na mama alilijua. Bwana Misitu alisimama nyuma yake.

"Nikianguka?" aliuliza mama.

"Hutafika popote. Nimekushika, nami nimefungwa kwenye jiwe hili. Tazama."

Mama alitazama jiwe. Alitazama fundo kwa muda mrefu, kama anayekagua pindo la nguo ya kununua. Kisha akasema, si kwa sauti ya mtaani, "Wewe unajua kwa nini sikutazami ukipanda? Nikikutazama nakuona umeanguka. Hata ukiwa umesimama."

"Leo nimekaa, Mama. Nitazame nikiwa nimekaa."

Mama alimtazama. Hakutazama pengo, hakutazama miti. Alishika kamba ya pembeni kwa kiganja kile kipana, macho yake usoni kwa mwanawe, akavuka kama mtu anayevuka kizingiti cha jikoni. Alipofika alimpiga Mjusi begani kofi la nguvu.

"Miaka yote unanificha mahali kuna upepo mzuri hivi?"

Kutoka hapo kileleni zilikuwa ngazi chache tu. Mawifi walikuwa tayari wanapunga kilemba, kinyozi amekalia jiwe. Ila Bwana Misitu hakuwa nao. Alikuwa bado kule ng'ambo, buti zimegandamana, mkono mmoja kwenye kamba na mwingine umeshika mwamba kama mtu anayezuia ukuta usianguke.

"Naona vizuri kutoka hapa," alisema.

"Huoni kitu!" Wifi Mdogo alipaza sauti kutoka juu. "Ulisema kwa macho yako!"

"Wanawake watano tumepita, tena Mkunga na miti mgongoni," aliongeza Wifi Mkubwa. "Wewe una kalamu tu!"

Mjusi alianza kuinuka amfuate, lakini mama yake alikwisha kaa kando yake na kushika kamba nyuma ya mikono yake.

"Bwana Misitu," aliita. "Usitazame chini. Nitazame mimi. Mimi ni mwoga kuliko wewe, na nimevuka. Haya, baba. Vitatu vibaki, kimoja kije."

Mguu ulikuja. Ulitafuta hewani, ukatua. Kisha wa pili. Bwana Misitu alijikuta ameshika mkono wa mama kwa mikono yake yote miwili, na hakuuachia mpaka walipofika juu, kwenye kilele kisichozidi upana wa sebule, ambapo aliwatazama wanawake watano mmoja mmoja, akihesabu kwa midomo bila sauti.

"Mwamba upo wazi," alisema, pumzi bado haijamrudia. "Kwa njia hii ya kushoto. Ule ufa sitaki hata kuusikia."

Vigelegele vilipanda mpaka ndege wakaondoka miambani. Mjusi alitaka kusema asante, akainama kukunja kamba.

Bwana Misitu aligeuka, akatazama kule walikotoka, akameza mate.

"Sasa, fundi… mimi nani ananishusha?"

"Mwanangu atakushusha," alisema mama, akamtia jembe mkononi. "Kibonde ni kile pale. Anza na mashimo."